Marehemu wa Bweni la Mamba

Sehemu ya Tisa

Okyere Darkwa alikuwa bado ameinamisha chupa. Pombe inamwagika kwenye nyasi na yeye hana habari, maana macho yake yako nyuma ya umati, kule lilikotoka jibu. Alikuwa akiwataja marehemu wa darasa lao mmoja mmoja, anawamwagia kinywaji, na kwa kila jina wenzake wanaguna kwa huzuni. Alipofika kwenye jina la Selasi Kpodo, marehemu akaitika mwenyewe. "Niko hapa," alisema.

Wiki nzima mmenisumbua, wengine mpaka sokoni, mnataka kujua kama ni mzimu. Si mzimu. Mzimu haufuti jasho, na huyu alikuwa amesimama kwenye jua la saa nane anajifuta kwa leso, ndevu zimeingia mvi, makubazi yamejaa vumbi la safari.

Lakini nenda kawaambie hivyo wasomi wetu! Tangu Alhamisi wamejaa hapa kwenye chuo chao cha zamani, wamevaa kitenge kimoja chenye picha ya mamba, kusherehekea miaka thelathini tangu wahitimu. Kazi yao kupimana. Gari la nani refu, mtoto wa nani yuko Toronto, nani kazeeka na nani kapaka rangi nywele. Asubuhi ileile walikuwa wakiwacheka akina mama wa jikoni kwa kuogopa bundi. Sasa marehemu alipoitika, askofu mmoja wa Kumasi, mtu anayefukuza mapepo kila Jumatano kwa kipaza sauti, alikuwa wa kwanza kufika kwenye magari. Profesa wa falsafa alipita katikati ya ua wa miiba, wigi likabaki huko. Mhandisi mmoja alijificha nyuma ya mke wake.

Walipoona marehemu hajala mtu, walirudi kidogo kidogo, kila mmoja akidai alikuwa amekwenda kupokea simu.

Kuna mmoja hakukimbia, na msimsifu, ni miguu iliyomgomea. Huyo ni Mheshimiwa Ebo Acquaye, mwenyekiti wa darasa, naibu waziri wa zamani, shujaa wa Bweni la Mamba. Siku hii ilikuwa yake. Nyuma yake, kwenye ukuta wa ukumbi wa bweni, palikuwa na pazia jekundu, na chini ya pazia jina lake kwa herufi za shaba. Makamu mkuu wa chuo angekuja saa kumi kuvuta kamba, na kuanzia hapo ukumbi ungeitwa Ukumbi wa Ebo Acquaye mpaka mwisho wa dunia.

Ushujaa gani? Kwa aliyeanza kusoma leo, nitasema kwa kifupi. Enzi za utawala wa wanajeshi, wanafunzi wa chuo hiki waligoma, na kiongozi wao alikuwa Selasi Kpodo. Usiku mmoja askari watatu walimtoa kwenye stoo ya magodoro alikojificha, wakaondoka naye. Asubuhi yake lori la askari likaja likazoa wanafunzi kumi na wawili. Basi ikasemwa kwamba Selasi ndiye aliyewataja wenzake, akalipwa kwa kuachiwa avuke mpaka kwenda Lomé, na huko akafa kifo cha msaliti. Ebo akapanda juu ya sanamu ya mamba, akahutubia, na tangu siku hiyo hajashuka.

Na aliyeanzisha hadithi hiyo ya usaliti ni nani? Ni Ebo huyohuyo.

Selasi hakurudi kudai shamba wala cheo. Alikuja kwa jambo moja. Mama yake, Mama Yawa, bibi kizee wa Anloga aliyeishi miaka yote hiyo akiitwa mama wa msaliti, alimwambia jana jikoni kwake maneno ambayo hakuyasikia mtu mwingine. Alimwambia hataki kuzikwa na mwana mwenye jina chafu, aende akalioshe palepale lilipochafuliwa, kabla ukuta ule haujaandikwa jina la mtu mwingine. Na ukifika, akamwambia, mtafute Araba kwanza.

Selasi hakumtafuta Araba. Zamani Araba alikuwa mchumba wake. Leo ni mke wa Ebo, amekaa meza kuu kwenye kivuli cha hema, miwani myeusi usoni, hajatikisika tangu marehemu aitike. Mwanamume ana kiburi chake jamani. Alipita mbali na ile meza.

Sasa tazameni mwanasiasa anavyofanya kazi. Ebo alipata sauti, akainua mkono. Wenzake walidhani atamkumbatia rafiki yake. Wapi!

"Msimguse," alisema. "Hamjui mila? Mtu aliyemwagiwa kinywaji cha wafu hali na walio hai, wala hasemi mbele yao, mpaka achinjiwe kondoo. Tunampenda ndugu yetu, lakini tufuate utaratibu. Kondoo tutamtafuta Jumatatu."

Jumatatu! Pazia linavutwa saa kumi leo, mtu anatafutiwa kondoo Jumatatu.

Na wasomi wakakubali. Wakatikisa vichwa kwa hekima kana kwamba wao ndio walioitunga mila. Watu ambao hawajakanyaga kijijini kwao tangu Krismasi ya mwaka juzi wakaanza kuelezana jinsi babu zao walivyokuwa wakali katika mambo haya. Daktari mmoja aliyetoka Houston akasema hata kitabibu si vibaya kumtenga kidogo. Wakati huohuo nyuma ya jiko walikuwa wakichoma mishikaki ya kondoo, harufu imetuzunguka wote, na hakuna aliyeona haya.

Selasi akakalishwa peke yake kwenye ukingo wa kidimbwi cha bweni, penye ile sanamu ya mamba, mbali na mahema. Chakula hawakumpa. Soda waliiweka chini kwa mbali, wakamwonyesha kwa kidole, kama anavyotengewa mbwa wa jirani.

Hakugombana. Alifungua soda, akanywa mafunda mawili, akasema kwa sauti ya mwalimu wa hesabu, maana ndiyo kazi aliyoifanya Libreville miaka yote hiyo: "Nina swali moja tu. Msiba wangu mliuhani wapi?"

Nanyi mnajua watu wa nchi hii na misiba. Mtu anaweza kukosa harusi yako akasamehewa, akakosa ubatizo wa mwanao akasamehewa. Akikosa msiba, mmemalizana. Watu hufunga safari kutoka London kuja kuvaa nyeusi na nyekundu kwa mtu waliyesoma naye muhula mmoja. Hawa walikuwa wamemwagia Selasi kinywaji kila walipokutana, wakalia na machozi, na sasa kila mmoja akawa anamtazama jirani yake. Profesa hakwenda. Askofu hakwenda. Mhandisi alidhani askofu alikwenda.

Hapo akasimama Naa Dedei Lamptey. Huyu ni wakili, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, na wakati wa mbio alikuwa amebaki kwenye kiti chake akila karanga. Alikung'uta maganda kwenye kitenge chake.

"Mimi nakumbuka," alisema. "Ebo ndiye aliyetuwakilisha. Alikwenda Anloga na chupa na kitambaa cha darasa. Aliporudi alitusimulia kaburi liko karibu na rasi, na mama wa marehemu alivyozimia mikononi mwake. Ebo, si ulituliza sisi wote usiku ule? Mimi nililia mpaka nikapiga chafya."

Macho yote yakamgeukia Mheshimiwa.

"Ilikuwa zamani," alisema Ebo.

"Kaburi uliliona au hukuliona?"

"Naa Dedei, hapa si mahakamani."

"Ndiyo maana nakuuliza kwa upole, mume wa watu. Mtu huyu hapa anakunywa soda. Ulimzika nani?"

Basi mwongo akibanwa huwa hajui kuchagua. Ebo alisema huenda alionyeshwa kaburi la mtu mwingine. Akasema pia barabara ilikuwa mbovu. Mwishowe akasema yeye hakwenda mwenyewe bali alimtuma mtu, na mtu huyo kwa bahati mbaya amefariki. Marehemu wa nchi hii wana kazi kubwa, wanabebeshwa kila kitu.

Selasi akasema neno lake la pili. "Mama yangu hakuwahi kufanya matanga yangu. Alijua niko hai. Angekuja hata mmoja wenu kumpa pole, angemwambia. Miaka yote hiyo hakuna aliyebisha hodi."

Nasema kweli, waliinamisha vichwa. Askofu aliinamisha zaidi, lakini yeye alikuwa akitafuta kiatu chake.

Naa Dedei akamgeukia Okyere Darkwa. Mnamkumbuka, mwenye chupa. Alikuwa meneja wa benki, akastaafu, na sasa ni okyeame, yaani msemaji wa chifu wa kwao, ndiyo maana alishika fimbo yenye kichwa cha dhahabu na kila mtu alimsogelea kwa adabu. Wakili akamwuliza mbele ya watu: mtu ambaye hakuliliwa na mama yake, wala hakufanyiwa matanga na ukoo wake, ni maiti?

Okyere alikohoa. Alimtazama Ebo, akautazama umati, akapima upepo unavuma wapi, maana benki haimtoki mtu. Halafu akagonga fimbo chini. Aliyelia ni mwenye msiba, alisema, na mwenye msiba hakulia. Selasi ni mzima. Kinywaji kilichomwagwa kilimwagwa bure, na kondoo atatolewa na yule aliyeleta habari ya uongo.

Umati ukaguna. Mambo yakawa yamegeuka juu chini, na waliokuwa wakieleza ukali wa babu zao dakika chache nyuma sasa wakasema ndivyo walivyokuwa wakisema tangu mwanzo.

"Basi niseme," alisema Selasi. "Siku ile sikumtaja mtu. Walionichukua hawakuniuliza hata jina la mwanafunzi mmoja. Walinifunga macho, wakanitupa ng'ambo ya mpaka pale Aflao, wakasema nikirudi watamchukua mama yangu. Ebo anasema niliwauza wenzangu. Mimi nasema Ebo anajua zaidi kuliko anavyosema. Tunywe maji ya mamba, mimi na yeye."

Eh! Hapo hata wapishi walitoka jikoni, mmoja na kibuyu mkononi.

Maji ya mamba ndiyo mahakama ya bweni lile. Wanafunzi wawili wakishindana neno, wanachotewa maji ya kidimbwi kwa kibuyu, kila mmoja anakunywa mbele ya sanamu, halafu anasema. Anayekataa kunywa anatupwa ndani na nguo zake, na tangu siku hiyo hana sauti bwenini. Hakuna mtu wa bweni lile, awe jaji, awe mlevi, aliyewahi kunywa maji yale kisha akasema uongo. Na katika mwaka wao aliyekuwa akikazania sheria hiyo, aliyewatupa wenzake majini kwa mikono yake, ni kijana mwembamba mwenye maneno mengi aitwaye Ebo Acquaye.

Tatizo ni kwamba kidimbwi hakijasafishwa siku nyingi. Rangi ya sanamu imebanduka, maji yamekuwa kijani kizito, na vyura wawili walikuwa wamekaa kichwani kwa mamba wakifuatilia kesi.

Ndipo elimu ilipoamka. Daktari wa Houston akataja wadudu kumi wanaoweza kuwemo, kwa majina yao kamili. Mhandisi akapendekeza maji yachemshwe. Profesa akauliza kama ukweli unaonywewa maji yaliyochemshwa ni ukweli uleule, na wapo waliotaka kumjibu. Ebo akasema daktari wake wa presha amemkataza maji ya nje. Akasema yuko tayari kabisa kuapa, hana wasiwasi, ila waape kwa maji ya chupa.

"Mamba gani huyo anayekaa kwenye maji ya chupa?" aliuliza Naa Dedei.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ebo alicheka pia, peke yake kwa namna yake, huku jasho likimtiririka mpaka kwenye mamba aliyechorwa kifuani mwake.

Selasi hakucheka. Aliinama, akachota, akanywa kibuyu kizima bila kupumua, akafuta ndevu. Akasema mbele ya sanamu kwamba hakumtaja mtu. Kisha akachota tena, akamnyooshea Ebo kibuyu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kwenye lango gari jeusi la makamu mkuu wa chuo lilikuwa linaingia. Ebo aliliona. Ungemwona mtu anavyolitazama gari kama mwokozi! Alisema wageni wamefika, tuwe na staha, mambo haya ya kitoto tutayamaliza baadaye kifamilia. Akageuka aende akampokee mkubwa.

Njia ilikuwa imezibwa. Watu waliokuwa wanafunzi wake majini miaka ile, wale aliowatupa na kuwachekelea, walikuwa wamesimama bega kwa bega, na wawili walikuwa wameshaanza kukunja mikono ya mashati. Mheshimiwa akarudi. Akakipokea kibuyu.

Akakiinua. Kikafika kidevuni, kikasimama hapo.

Basi mkono mwembamba wenye bangili ya shanga ukatokea pembeni, ukamnyang'anya.

Alikuwa Araba. Hakuna aliyemwona akiinuka meza kuu. Alikuwa amevua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba. Alikunywa maji yale mpaka tone la mwisho mbele ya mumewe, mbele ya aliyekuwa mchumba wake, na mbele ya makamu mkuu wa chuo aliyesimama na tabasamu akidhani ni ngoma ya kumkaribisha. Alifuta mdomo kwa pindo la kitenge.

"Selasi hakumtaja mtu," alisema. "Askari wa kweli walikuja asubuhi, wakamkosa, wakazoa waliowakuta. Wale watatu wa usiku hawakuwa askari."

Ebo akamwambia anyamaze. Alisema, mama watoto, nakuomba. Hakuwahi kumwomba kitu mbele za watu, na hapo ndipo wenzake walipoanza kuogopa kweli.

"Zilikuwa sare za kikundi cha maigizo," Araba aliendelea. "Mmoja alikuwa huyu mume wangu. Wa pili ndiye aliyeendesha gari." Akanyoosha kidole, na kidole hakikwenda mbali. Kilisimama kwa Okyere Darkwa. Fimbo ya dhahabu ilimtoka msemaji mkononi, ikabingirika mpaka ukingoni mwa kidimbwi, na yeye hakuiokota.

Naa Dedei alikuwa ameacha kutafuna. Aliuliza askari wa tatu ni nani.

Araba hakumjibu yeye. Alimtazama Selasi. Alimkumbusha askari aliyekaa naye kiti cha nyuma njia nzima bila kusema neno, na pale Sogakope akampa maji kwa kifuniko cha chupa, akimfuta mdomo kila alipomwagikiwa. "Ulikuwa umefungwa macho," alisema. "Nilikuwa nalia, ukadhani ni mafua."

Selasi alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu kwenye matope. Miaka thelathini alikuwa amewachukia askari watatu, na kila usiku alimsamehe mmoja kwa sababu ya yale maji.

"Ebo ndiye aliyekuchafua jina," Araba alisema. "Hilo alilifanya kwa faida yake, na mimi nilinyamaza, na hukumu yangu naijua. Lakini gari lile hakulituma Ebo."

"Alilituma nani?"

"Kwa nini hukunitafuta kwanza?" Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, watu wa nyuma walilazimika kusogea. "Si alikwambia jikoni jana, ukifika mtafute Araba kwanza?"

Maneno yale Selasi hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alimtazama Araba, akafungua mdomo, na jina la mama yake likakataa kutoka.

"Ndiyo," alisema Araba. "Ni yeye aliyetuomba tukutoroshe."